Ukimwamini Mtu, Mwandikie Vizuri

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme jambo moja ambalo utumishi serikalini umenifundisha. Ningeweza kusema habari za bidii na nidhamu, lakini hayo mnayasikia kila asubuhi mstarini. Leo nitasema habari za karatasi: hati ya uwakilishi, yaani hati ambayo kwayo mtu humpa mwenzake mamlaka ya kutenda jambo kwa niaba yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata uhamisho kwenda mkoa wa mbali. Nilikuwa na kiwanja. Usiku wa kuamkia safari nilimwandikia mdogo wangu kwenye karatasi ya daftari: "Ninamruhusu ndugu yangu ashughulikie mambo yote ya kiwanja changu." Nikatia sahihi, asubuhi nikapanda basi. Nami ni mtu wa Chuo Kikuu!

Mwaka uliofuata mama yetu aliugua. Mdogo wangu, kwa kuhangaikia matibabu, akakiuza kile kiwanja. Mnunuzi alipokwenda kubadilisha jina la mmiliki, akaambiwa karatasi ile haifai: haikushuhudiwa na mtu mwenye mamlaka, wala haikusajiliwa. Akaja kwangu kudai fedha zake, nazo zilikwisha kwenda hospitali. Nilimwita mdogo wangu mwizi mbele ya wazee. Akanijibu kwa upole, "Kaka, uliandika mambo yote." Sikuwa na la kusema. Deni nililipa kwa mshahara wangu, kidogo kidogo. Lile neno mwizi sijamaliza kulilipa hadi leo.

Basi tufanyeje? Kwanza, yaandikwe majina kamili ya pande zote mbili, kama yalivyo kwenye vitambulisho, pamoja na anwani. Pili, mali itajwe waziwazi: namba ya kiwanja, kitalu, mahali kilipo, na namba ya hati miliki. Tatu, kazi zihesabiwe moja moja: kupokea kodi kwa wapangaji, kulipa kodi ya ardhi, kufuatilia kibali cha ujenzi. Kama hutaki auze wala aweke rehani, andika hivyo. Nne, taja muda unaanza lini na unakwisha lini.

Kisha usitie sahihi nyumbani. Nenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kushuhudia hati, utie sahihi mbele yake. Lipa ushuru wa stempu, na kama ni ardhi yenye hati miliki, ipeleke kwa Msajili wa Hati iandikishwe. Aliye nje ya nchi aulize utaratibu katika ubalozi wetu.

Kumbukeni pia kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake mamlaka asiyokuwa nayo mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza nyumba ya familia; basi hati yako haiondoi haki ya mkeo. Ukibadili nia, itengue kwa maandishi, uwaarifu mwakilishi, Msajili na wote waliokuwa wakishughulika naye. Tena mamlaka hayo hufa pamoja na aliyeyatoa. Baba akifariki, mtoto asiende benki na hati ya zamani. Aende mahakamani kufungua mirathi.

Wanafunzi, huko vijijini ninyi ndio waandishi wa wazee. Mzee akikuita umwandikie, msomee ulichoandika, neno kwa neno, kabla hajaweka dole gumba. Muulize, "Babu, je, unamruhusu pia kuuza?" Swali hilo dogo laweza kuokoa shamba, na udugu pia.

Wengi wetu huona haya kumwekea ndugu masharti, kana kwamba hatumwamini. Mimi nasema nilimkosea mdogo wangu kwa kutomwandikia vizuri. Nilimtwisha mzigo bila kumwambia mwisho wa safari.