Aliyeruka Kumfikia Mwenzake



Ninyi mkaao Mombasa mmekwisha kuziona tagi pale Kilindini, zile meli ndogo zenye nguvu nyingi zivutazo meli kubwa. Leo nataka kuwaeleza habari za tagi moja ya Uingereza, iliyoitwa Turmoil.

Tarehe 21 Desemba, 1951, meli ya shehena ya Kimarekani, Flying Enterprise, iliondoka Hamburg, Ujerumani, kwenda Marekani. Siku za Krismasi ilikutwa na dhoruba kali katika Atlantiki. Chuma chake kilipasuka, shehena ikahamia upande mmoja, na meli ikalala ubavu isiweze kuinuka tena. Tarehe 29 abiria na mabaharia waliruka majini wakaokolewa na meli nyingine, ila mtu mmoja alifariki. Nahodha Kurt Carlsen, mzaliwa wa Denmark, hakuondoka. Alibaki peke yake kuilinda meli aliyokabidhiwa.

Usiku wa tarehe 3 Januari, 1952, Turmoil ilifika. Mabaharia wake walirusha kamba, wakarusha tena. Lakini sitaha ya ile meli ilikuwa imeinama kama paa la nyumba. Nahodha alihitaji mkono mmoja wa kujishikilia, akabakiwa na mmoja tu wa kufanyia kazi. Kuivuta kamba nzito na kuifunga, hakuweza. Kamba ilikuwa nzima, na walioirusha walikuwa hodari. Kilichokosekana ni mtu wa pili ndani ya meli.

Tarehe 4 tagi ilisogea karibu sana. Ndipo msaidizi wa nahodha wake, Kenneth Dancy, aliporuka akaishika meli ile iliyoharibika, akapanda. Kesho yake, wawili wale wakaifunga kamba, na safari ya kwenda bandari ya Falmouth ikaanza.

Je, walifika? La. Dhoruba ilirudi, na tarehe 10 kamba ikakatika, zikiwa zimesalia maili zipatazo 40 tu. Alasiri ile Carlsen na Dancy walitembea juu ya dohani, kwa maana ilikuwa imelala, wakaruka baharini, na Turmoil ikawaokota. Meli ikazama. Lakini nahodha hakuzama, wala hakuwa peke yake saa ile ya mwisho.

Ndugu zangu, habari hii imenikumbusha aibu yetu. Katika kanisa letu palikuwa na ndugu mwenye duka. Madeni yalimlemea, akaanza kunywa pombe, akaacha kuja ibadani. Sisi tulifanya nini? Tulimtaja katika maombi. Tulimpelekea salamu. Wazee tuliandika barua yenye maneno mazuri, nami nikaitia sahihi. Hizo zote zilikuwa kamba njema, lakini yule ndugu hakuwa na mkono wa kuzishikia.

Mzee mmoja, asiye msemaji sana, akaondoka akaenda kwake. Alikaa naye, akala naye, akarudi juma baada ya juma. Hata kwa wenye kumdai walikwenda pamoja. Duka halikupona, liliuzwa. Lakini mtu yule yu hai, na Jumapili utamwona katika kiti chake, karibu na yule mzee.

Mtume Paulo naye alisafiri katika meli iliyovunjika karibu na Malta. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Meli ilipotea, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Mungu hakuihesabu meli. Aliwahesabu watu.

Tena, Bwana Yesu hakutuokoa kwa kupaza sauti toka mbinguni. Alishuka akaingia katika chombo chetu kinachozama, akashika kamba pamoja nasi.

Mpendwa, sasa hivi kuna jina limekujia moyoni. Ni nani? Usimpelekee salamu tena. Juma hili, nenda wewe mwenyewe ukabishe hodi.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliosimama mbali. Utupe moyo wa kuruka. Amina.