Upele Ukishafifia: Surua na Jicho la Mtoto



Ukimuuliza mzazi surua ni nini, atakujibu: vipele. Kumbe siku mbili hadi nne kabla ya kipele cha kwanza mtoto tayari ana homa kali, kikohozi, pua inatiririka, na macho mekundu yanayokimbia mwanga. Nyumbani tunasema ni mafua tu, yatapita. Na siku hizo hizo anaambukiza wenzake. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani.

Wanafunzi wa udaktari, msingoje upele. Chukua tochi, mwambie mtoto apanue kinywa, umulike ndani ya shavu, mkabala na magego. Ukiona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi zilizomwagika juu ya nyama nyekundu, hiyo ni surua, hata kama ngozi ingali safi. Henry Koplik alivieleza vidoa hivyo huko New York mwaka 1896. Upele wenyewe huanzia nyuma ya masikio na usoni, ukashuka kifuani hadi miguuni. Vitabu vinasema ni mwekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hujificha, basi pitisha kiganja: utahisi ngozi inakwaruza.

Baada ya siku tano au sita upele hufifia, ngozi ikabaki na weusi na kubanduka magamba laini. Familia hushusha pumzi. Mimi hapo ndipo ninapozidi kuwa na wasiwasi. Homa inayorudi upele ukiwa unaondoka mara nyingi ni nimonia, na nimonia ndiyo inayoua watoto wengi wa surua. Wengine huharisha hadi wakaishiwa maji, wengine masikio hutoa usaha. Takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000 hupata uvimbe wa ubongo. Kinga ya mwili nayo hubaki dhaifu kwa wiki na miezi, kwani virusi hufuta sehemu ya kumbukumbu yake ya maradhi mengine.

Lakini leo nataka tukae zaidi kwenye jicho. Surua humaliza vitamini A mwilini, na mtoto anayeshindia uji mtupu hakuwa na akiba ya kutosha tangu mwanzo. Kioo cha jicho hukauka, kikapoteza mng'ao, kikafanya kidonda, kikalainika na hata kutoboka. Pengine ni suala la siku chache tu. Katika siku hizo bibi, kwa mapenzi yake yote, hukamulia majani jichoni. Simlaumu, anataka mjukuu apone. Ila yale maji huingiza vijidudu na kuunguza kioo ambacho tayari kinaoza.

Dawa tunayo, na ushahidi wake ulipatikana hapa hapa nchini, Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa kura. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida, walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A, walikufa 6. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 7 dhidi ya 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Tone la bei ndogo namna hiyo, na bado wapo watoto wanaoruhusiwa kurudi nyumbani bila kulipata!

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akiugua surua, uliza: amepewa vitamini A leo, na kesho atapewa tena? Macho yakiwa yameguswa, mrudishe baada ya wiki mbili hadi sita kwa dozi ya tatu. Usimtie chochote jichoni ambacho mganga wa zahanati hakukupa. Na usiku huu, kabla hujalala, fungua kadi ya kliniki utazame chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Ukikuta mojawapo haijajazwa, mpeleke mtoto kesho asubuhi.