Kulipa Faini ni Kukiri Kosa: Leseni za Vijana Wetu Wanaoendesha Malori Marekani

(Maneno yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili)



Tumeombwa na kamati kadhaa tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusu miradi. Wajumbe wanauliza: kwa nini kijana aliyeko Marekani, aliyeahidi mabati ya nyumba ya mchungaji na ambaye ndiye anayelipa ada ya wadogo zake, anakaa kimya ghafla miezi 2 au 4 bila kutuma kitu? Wengine wamekwisha kuhukumu kuwa kijana ameharibika. Sisi tunasema tusiharakishe. Wengi wa vijana hao, pamoja na ndugu zetu waliotoka Kenya na Kongo, wanaendesha malori makubwa, na mkate wao wote uko ndani ya leseni moja. Leseni hiyo ikifungiwa, mshahara unakatika siku hiyo hiyo.

Leseni yenyewe ni ya udereva wa kibiashara, wao huiita CDL. Sheria iliyoiweka chini ya masharti ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1986. Kijana akikwambia "nina pointi 4", mzazi hudhani kuna daftari moja la pointi kwa Marekani yote. Haliko hivyo. Kila jimbo lina hesabu yake. Ohio, dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka 2 anafungiwa miezi 6. California, kosa lililofanyika katika lori la kibiashara huhesabiwa mara 1.5 ya kosa lile lile katika gari dogo. Minnesota, wanakotoka baadhi ya wageni wetu waliokaa hapa mbele, hakuna pointi kabisa.

Hapo ndipo vijana wanaponaswa. Dereva mwenye leseni ya Minnesota anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba hana pointi hata moja, na bado akafungiwa. Juu ya pointi za majimbo kuna hesabu ya pili, ya serikali kuu, na hiyo haijui pointi. Inahesabu hukumu. Kuna makosa yaliyotajwa kuwa mazito: kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa au zaidi (karibu kilomita 24), kufuata gari la mbele kwa karibu mno, kubadili njia vibaya, kuendesha bila kujali, kuandika ujumbe wa simu, na kushika simu mkononi lori likiwa barabarani. Akipatikana na hatia mara 2 ndani ya miaka 3 akiwa kwenye lori, leseni inafungiwa siku 60. Mara 3, siku 120. Ndiyo ile miezi 2 na 4 mnayoiuliza.

Ulevi una mlango wake. Kiwango kwa dereva wa lori ni 0.04, nusu ya kile cha 0.08 ambacho karibu majimbo yote yameweka kwa gari dogo. Hukumu ya kwanza ni mwaka 1 bila leseni, hata kama alikuwa kwenye gari lake mwenyewe akitoka harusini. Ya pili ni maisha. Hapo hatuna ushauri mwingine zaidi ya huo mnaoujua.

Turudi kwenye makosa mazito, maana huko ndiko msaada unakowezekana. Tuseme kijana wa Minnesota amesimamishwa na trafiki Ohio kwa mwendo wa maili 16 juu ya kiwango. Amepewa karatasi. Nyuma yake pameandikwa kiasi cha faini na anwani ya kulipia. Yeye ana mzigo wa kufikisha, na kurudi Ohio kwa ajili ya mahakama ni kupoteza siku 2 za kazi, naye hulipwa kwa maili. Analipa, anasahau. Kumbe sheria inahesabu malipo hayo kuwa ni hukumu, sawa na kusimama mbele ya hakimu na kusema nimekosa. Taarifa inavuka mpaka wa jimbo na kuingia kwenye kumbukumbu zake nyumbani. Mwaka unaofuata akikutwa na simu mkononi, hesabu imetimia.

Dereva wa gari dogo katika majimbo mengi anaweza kwenda darasa la usalama barabarani na kosa likaondolewa. Mwenye CDL hana njia hiyo. Sheria ya serikali kuu inakataza mahakama kuficha kosa lake au kuliahirisha lisionekane, hata alipokuwa kwenye gari lake la nyumbani. Yanaachwa tu makosa kama ya kuegesha gari. Kwa hiyo anayemwambia kijana "nenda darasani itafutika" anampoteza, japo kwa nia njema.

Kinachobaki ni kujibu mashtaka kabla ya kulipa. Anaweza kukana na kuomba kusikilizwa. Anaweza kuweka wakili wa eneo lile lile la mahakama, na kwa makosa mengi ya namna hii wakili huweza kumwakilisha bila yeye kusafiri. Kabla ya hukumu, mwendesha mashtaka ana uwezo wa kupunguza shtaka kama ushahidi unaruhusu. Maili 16 zikishuka kuwa 14, kosa linabaki na faini inalipwa, lakini halimo tena katika orodha ya makosa mazito. Gharama ya wakili huweza kuzidi faini yenyewe, na hapo ndipo vijana wanapoona ni hasara. Tunawaomba waipime na siku 60 bila kazi. Tena katika siku hizo hakuna leseni ya huruma ya kumruhusu aendeshe lori kidogo kidogo.

Asikae kimya pia. Akipatikana na hatia ya kosa la barabarani, ana siku 30 za kumwarifu mwajiri wake kwa maandishi. Akifungiwa, mwajiri aambiwe kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Aliyehama nyumba bila kubadili anwani barua hazimfikii, na asipoijibu mahakama leseni huweza kufungiwa kwa sababu hiyo peke yake. Na akiendelea na lori huku amefungiwa kwa makosa ya lori, adhabu ni mwaka mzima.

Wageni wetu wapendwa, hapa tunawaomba msaada usio wa fedha. Katika sharika zenu wamo watu wanaomjua wakili mzuri, na wanaoweza kukaa na kijana jioni moja wakamsomea barua ya mahakama. Kiingereza cha barabarani na kile cha mahakama ni vitu viwili.

Na sisi wa huku tuna letu, tulisikilize hata kama halipendezi. Tumesema kushika simu mkononi ni kosa zito. Ni nani anayempigia? Kamati zetu hukaa jioni. Kwetu ikiwa saa 12 jioni, Minnesota ni saa 4 asubuhi, au saa 3 wakati wao wa baridi, na kijana yuko kwenye usukani. Mwenyekiti anapiga kukumbusha ahadi, mtunza hazina anarudia, shangazi naye anapiga kuuliza kwa nini hapokei. Kwa kuwa tumemlea kuheshimu wakubwa, anainua simu. Kifaa cha kuongea bila kushika kinaruhusiwa, lakini si wote wanacho.

Kwa hiyo ofisi ya miradi inaomba kila mtunza hazina apitie orodha ya watoa ahadi walioko nje, aweke alama kwa walio madereva, na kuanzia sasa wapelekewe ujumbe wa maandishi tu, usemao wazi kuwa wajibu watakapoegesha. Aliyeandika kwamba amefungiwa leseni, ahadi yake isomeke "imesimama" na siyo "hajalipa". Orodha hizo zitufikie kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka.