Kutoka Kumbi la Nazi Hadi Kasa wa Jikoni
Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kibiti



Nimepewa nafasi niseme juu ya kitu kidogo sana, nacho ni kisugulio cha vyombo. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, Chama kinachohesabu korosho kwa tani kina haja gani na kisugulio cha sufuria? Nitajibu kwa hesabu ya miezi. Msimu wa korosho ukiisha, ghala hubaki tupu na daftari la mapokezi hufungwa. Sufuria, kwa upande wake, huingia masizi kila siku, masika na kiangazi. Tukitafuta kazi ya kumpa mwanachama fedha katika miezi mikavu, yatupasa tutazame kitu kinachohitajiwa na kila nyumba.

Malighafi tunayo. Kila nazi inayofuliwa huacha kumbi, na makumbi mengi huishia kuwa kuni, au hutupwa chini ya mnazi yakawa mazalio ya mbu. Mama zetu wamesugulia vyungu kwa kumbi na majivu tangu zamani, kabla ya waya wa kusugulia kufika madukani. Waya huo hukatika vipande, na kipande kikiingia katika chakula chaweza kumdhuru mlaji. Kumbi halina kutu. Kasoro yake ni kufumuka upesi, na dawa ya kufumuka ni kulisokota na kulifuma.

Usumba si mgeni katika pwani hii. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus chautaja mji wa Rhapta, ambao jina lake latokana na vyombo vya majini vya kushonwa. Mahali pa mji huo pangali na mjadala, lakini wataalamu kadhaa hupakisia karibu na delta ya Rufiji, na mwaka 1999 Profesa Felix Chami alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana upande wetu huu. Mitepe ya Lamu nayo ilishonwa kwa kamba za usumba, bila misumari. Uzi ulioshika mbao za chombo baharini hautashindwa na ukoko wa wali.

Sasa kazi yenyewe. Chimbeni shimo katika tope linalofikiwa na maji ya bahari yanapojaa. Pasiwe mahali pa kung'oa mikoko, wala karibu na maji ya kunywa. Fukieni makumbi, myagandamize kwa magogo yasielee, na myaache kwa miezi kadhaa. Humo vijidudu hula ule unga unaoshikamanisha nyuzi. Harufu yake ni mbaya, basi shimo liwe mbali na nyumba. Baadaye makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, huoshwa, huanikwa na kusokotwa. Kwa kisugulio, kamba isizidi unene wa njiti ya kiberiti.

Dada zetu wengi wanajua kufuma vitambaa vya viti kwa sindano ya kroshia. Sindano ile ni nyembamba mno kwa usumba, kwa hiyo ichongwe nyingine ya mti mgumu au ya mwanzi, nene kuliko hiyo. Kamba ilowekwe kwanza ili ilainike, nayo mishono ikazwe sawasawa.

Kwa nini tufume mfano wa mnyama? Mwaka 1907, huko Tokyo, Nishio Shozaemon alianza kutengeneza kisugulio cha nyuzi za miti ya jamii ya mnazi. Kwa umbo lake kikaitwa jina lenye maana ya mtoto wa kobe, na hadi leo kinauzwa kwa jina hilo. Mnunuzi hukumbuka alichokipenda kwa macho. Tena umbo lina kazi. Mgongo wa kasa hujaa kiganjani, na mapezi yake hufikia pembe za sufuria. Kichwa chembamba cha samaki huingia katika jagi. Kiboko mnene hufaa masufuria ya shughuli. Na kamba wa baharini aliyefumwa kwa kamba ya usumba atamchekesha mnunuzi kwanza, kisha amfungulie mkoba.

Yako masharti manne. Macho yawe mafundo, wala si shanga au vifungo vinavyoweza kuangukia chakulani. Usumba usitiwe rangi. Nailoni ya nyavu chakavu isitumike, kwa maana hutoa chembe za plastiki zisizooza. Na mnunuzi aambiwe kweli kwamba kisugulio hiki hakifai kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisigande, na kwamba baada ya kazi kisuuzwe, kikamuliwe na kutundikwa juani.

Sasa nawageukia makatibu, maana hapa ndipo penye uzito. Kazi hii itafanywa zaidi na wanawake. Ziko nyumba ambazo mke huokota korosho naye jina daftarini ni la mume. Tusiyarudie hayo. Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyotamkwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote, bila ubaguzi wa jinsia. Basi mfumaji aandikishwe kwa jina lake, awe na hisa yake, na malipo yafike mkononi mwake mwenyewe.

Kabla ya kupanga bei, pimeni saa za kuponda, kusokota na kufuma kwa juma zima. Mtu akikadiria kwa macho ataona ufumaji tu, na usokotaji utakuwa kazi ya bure. Kila mfumaji akiuza peke yake mlangoni, mlanguzi atatoa bei ya yule mwenye shida kubwa kuliko wote, kisha ataifanya kuwa bei ya kijiji kizima. Hiyo ndiyo sababu ya Chama kuingia.

Lakini Chama kisiingie kwa pupa. Kianze kwa idadi ndogo, wala mia visifumwe kabla ya kumi kuuzwa. Kielelezo kimoja cha kila umbo kiwekwe ofisini, na kisichofanana nacho kirudishwe kwa mfumaji arekebishe. Wanunuzi tunao njiani. Abiria wa Mafia hungoja chombo Nyamisati, na magari ya Dar es Salaam na Lindi hupita hapa Kibiti. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, kikapu cha ukindu kimepata heshima mpya. Kisugulio na kiwekwe ndani yake, viuzwe pamoja.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaomba kila katibu arudi na swali moja kwa wanachama wake: makumbi ya kijiji chetu yanakwenda wapi? Likijibiwa hilo kwa kweli, kazi imeanza.