Uhandisi Hujifunzwa kwa Kalamu

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Kiminini mbele ya vijana wanaosomea uhandisi pamoja na wazazi wao.



Nimeombwa niseme juu ya kujitayarisha kwa mtihani wa uhandisi. Neno langu kubwa ni moja: elimu hii haiingii kwa macho peke yake, huingia kwa mkono unaoandika.

Wanafunzi wengi husoma daftari kama mtu asomaye gazeti. Huitazama hesabu iliyokwisha kufanywa na mwalimu, huitikia kwa kichwa, husema, "Nimeelewa." Siku ya mtihani hupewa boriti yenye urefu mwingine na mzigo mwingine, na hapo kalamu hugoma. Kuelewa kazi ya mwenzio si kuiweza. Basi funika jibu la mwalimu, fanya hesabu yote tangu mwanzo, kisha funua ulinganishe. Ulipokosea, usifute tu. Andika kando sababu ya kosa, na hesabu hiyo uirudie baada ya siku 3, tena baada ya juma moja. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha kwamba tujifunzayo husahaulika upesi, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Wakulima wa Trans Nzoia walijua hayo zamani: hakuna apandaye mahindi Oktoba akatumaini kuvuna Novemba.

Sasa tuingie chumba cha mtihani. Tuseme muda ni saa 3, yaani dakika 180, na maswali ya kujibiwa ni 5. Tumia dakika 10 kusoma karatasi yote na kuchagua. Kila swali lipe dakika 32. Zitabaki dakika 10 za kukagua. Dakika hizo 32 zikiisha, acha nafasi uende mbele, kwani swali moja lililokwama lisile chakula cha mengine manne.

Katika kila swali, chora picha kwanza. Andika uliyopewa pamoja na vipimo vyake, andika kanuni, ndipo uingize tarakimu. Mtahini aweza kukupa alama kwa hatua zilizo sawa hata jibu la mwisho likipotoka. Lakini jibu tupu lililopotoka halina la kuliokoa.

Kisha lipime jibu kwa akili. Boriti imeegemea ncha zake mbili, ina mzigo wa kilonyutoni 10 katikati, na uzito wake wenyewe hatuuhesabu. Kila ncha itabeba 5. Ukipata 5 na 8, jumla ni 13. Je, hizo 3 zimetoka wapi? Rudi nyuma utafute.

Tena msidharau vipimo. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kilipotea, kwa sababu upande mmoja ulihesabu nguvu kwa paundi na upande wa pili kwa nyutoni. Wale walikuwa mabingwa, wala si wanafunzi.

Vijana wangu, mtihani si cheti tu. Mto Nzoia unaopita katika nchi yetu hii hushuka hadi Budalang'i, na huko, Juni 2017, daraja la Sigiri lilianguka lingali likijengwa, na watu wakaumia. Simhukumu mtu. Nasema tu kwamba juu ya kazi ya mhandisi hupita mama na mzigo wake, na mtoto aendaye shule. Aliyepita mtihani kwa kuibia hana wa kuibia atakapoombwa kujenga daraja.

Nanyi wazazi, mpeni kijana mahali pa kukaa, mwanga, na saa mbili za utulivu kila jioni. Binti anayesomea uhandisi asiachiwe jiko lote huku kaka yake akisoma. Na usiku wa kuamkia mtihani, waacheni walale, kwa maana kichwa kilichochoka hukosea hata kujumlisha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anzeni leo, kwa hesabu moja tu, na kesho nyingine.