Mtoto Akiuliza "Kwa Nini?"

(Mazungumzo yaliyotolewa Kipungani, Lamu, baada ya swala ya alasiri)



Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana. Najua saumu imeshatushika na magharibi bado, kwa hivyo sitawachosha.

Sisi walimu tuna kosa moja, nami nimo. Mtoto akisimama darasani akasema, "Maalim, mimi sikubaliani," twaona amekosa adabu. Twamkalisha. Lakini hebu tujiulize, sisi hapa twafuata madhehebu ya nani? Imamu Shafi'i alisoma Madina kwa Imamu Malik, akamheshimu sana, na bado akaja akahitilafiana naye. Huko Iraq akajadiliana na Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alipohamia Misri akabadilisha hata baadhi ya kauli zake mwenyewe. Je, huyo alikosa adabu?

Kujadiliana si kubishana. Ubishi tunao wa kutosha, nendeni barazani siku ya mpira muone! Chukueni jambo tulijualo: mikoko. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na wakata boriti wa Lamu wakakosa kazi. Mwalimu aulize, "Je, ilikuwa haki?" Mmoja atasema haikuwa haki. Mwalimu asiseme "vizuri" wala "umekosea." Aulize, "Kwa nini?" Atajibu, "Watu walikosa riziki." Hiyo ni sababu. "Na dalili yako?" Mwengine atasema mikoko ndiyo mazalio ya samaki na kamba. Sasa hapa ndipo penye kazi: kabla ya kumjibu mwenzake, kwanza airudie hoja ya mwenzake, mpaka yule akubali, "Naam, ndivyo nilivyosema." Wengi hushindwa hapa, hata sisi watu wazima.

Wala si mchezo wa shule. Mwaka 2016 ilitolewa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kule Kwasasi. Watu wa Lamu wakaipinga mbele ya mahakama ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahali kama pale kilio peke yake hakitoshi. Utaulizwa: mkutano ulifanyika lini? Ripoti ilionyeshwa nani? Watoto wetu watajifunza wapi kujibu maswali hayo, ikiwa darasani kazi yao ni kuitikia tu?

Walimu wenzangu, ukishauliza swali, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Wanaonyosha mkono mwanzo ni wale wale kila siku. Mngoje binti aliyekaa nyuma.

Na nyumbani pia. Kila mwaka twagawanyika kwa mwezi, hawa wameanza kufunga, hawa bado. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona ami ameanza jana?" usimwambie anyamaze. Mpe sababu yetu, kisha mpe na sababu ya ami yake, kwa nguvu zake zote. Hiyo ya pili ikikushinda, mpeleke kwa ami mwenyewe akamuulize.

Haya, naona akina mama washaanza kuangalia saa. Wassalaam.