Kunyonyesha Kunapozuia Mimba, na Pale Kinga Hiyo Inapokatika



Mama akijifungua katika ploti yoyote ya Eastlands, kuna neno ambalo hakosi kuambiwa na mama mkwe au jirani wa mlango wa pili: "Ukiwa unanyonyesha, hupati mimba." Neno hilo si uongo. Shida ni kwamba ni nusu ya maneno, na ile nusu iliyoachwa ndiyo humfikisha mama kliniki akiwa na mtoto wa miezi saba mgongoni na mimba ya miezi miwili tumboni.

Nusu iliyo kweli kwanza. Mtoto anapofyonza titi, ujumbe hupanda hadi kwenye ubongo wa mama, na ubongo huongeza homoni inayotengeneza maziwa. Ufyonzaji huohuo huzituliza homoni zinazokomaza yai. Yai lisipokomaa halitoki, na pasipo yai hakuna mimba. Lakini kinachofanya kazi hiyo ni mtoto kufyonza mara nyingi, mchana na usiku. Titi likikaa saa nyingi bila kuguswa, mwili huanza kurudi katika mwendo wake wa kawaida, hata kama maziwa bado yanatoka.

Mwaka 1988 wataalamu wa uzazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Bellagio, Italia, wakapima ushahidi uliokuwapo. Walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 endapo mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, mtoto ananyonya tu, au karibu kila anachopata ni maziwa ya mama, na hedhi ya mama haijarudi. Hii ndiyo njia ambayo wauguzi huiita LAM. Damu inayotoka katika wiki 8 za kwanza baada ya kujifungua haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, hata hedhi ya siku mbili ni hedhi. Jambo moja tu likikosekana, kinga haipungui nusu wala robo. Mama achukulie kwamba haipo.

Hilo la pili ndilo linalowaponyoka wengi. Muuguzi akimuuliza mama wa mtaani kama ananyonyesha, jibu ni ndiyo, na ni jibu la kweli. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu chenye makao yake hapa Nairobi, waliwafuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Watoto wapatao 85 kati ya 100 walikuwa bado wananyonya mwishoni mwa mwezi wa 11. Lakini walionyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6 walikuwa takriban 2 kati ya 100. Watoto 40 kati ya 100 walikuwa wameshapewa kitu kingine cha kunywa kabla ya siku tatu kwisha tangu kuzaliwa.

Hali ya nchi imebadilika tangu hapo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulikuta asilimia 32 ya watoto walio chini ya miezi 6 wananyonya pekee. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 60. Ni hatua kubwa, na sehemu ya sifa ni ya wahudumu wa afya ya jamii wanaobisha mlango kwa mlango. Hata hivyo, watoto 40 kati ya 100 bado wanapewa maji, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya unga au uji mwepesi "kwa sababu anatoa macho watu wakila." Mama zao wananyonyesha, lakini wanaotegemea kunyonyesha kuzuia mimba wamekosa kinga bila kujua. Dawa iliyoandikwa na daktari au matone ya vitamini hayaharibu chochote. Chupa ya uji kila siku huharibu.

Si haki kumlaumu mama kwa hili. Chukua mama anayefanya kazi ya mama fua, anayetoka Kayole alfajiri kwenda kutafuta nguo za kufua. Asipofua leo, leo hakuna unga. Mtoto wa miezi mitatu huachwa kwa anayelea watoto wa ploti, na huko hula kinacholiwa. Mama hurudi jioni, matiti yamejaa hadi yanauma, ananyonyesha usiku kucha, na kwa haki kabisa anajiona mama anayenyonyesha. Lakini kati ya alfajiri na jioni zimepita saa kumi na moja. Washauri wa njia hii hutaka nafasi kati ya kunyonyesha isizidi saa 4 mchana na saa 6 usiku.

Mwenye ajira ya barua ana unafuu kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Kwa mama wa kibarua, sheria hizo ziko mbali kama mvua ya Januari. Na hata kwa aliyeajiriwa, miezi mitatu haijafika sita.

Kukamua kunamsaidia sana mtoto, maana anaendelea kupata maziwa ya mama. Kama kinga ya mimba, kukamua hakufikii kufyonza kwa mtoto mwenyewe. Utafiti wa Chile uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuata kina mama waliorudi kazini wakawa wanakamua, na takriban 5 kati ya 100 walipata mimba ndani ya ile miezi 6. Si wengi, lakini ni zaidi ya mara mbili ya wale 2 wanaotarajiwa.

Ipo pia imani kwamba hedhi itatoa taarifa kwanza. Haitoi kila mara. Yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo mama anaweza kushika mimba bila kuona hata tone la damu. Kadiri mtoto anavyokaribia miezi 6, ndivyo hilo linavyozidi kutokea.

Wazee wa pwani walikuwa na neno kubemenda, lililowatisha wenye ndoa wasikutane mama angali ananyonyesha, eti mtoto atadhoofika. Maelezo yao hayakuwa sahihi, lakini walichokuwa wakikichunga kilikuwa cha kweli: mtoto anayesukumwa kando mapema na mdogo wake huumia. Shirika la Afya Duniani leo hushauri miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Kliniki ya chanjo ya wiki ya 14 ndiyo mahali pazuri pa kulizungumza jambo hili. Inaangukia karibu kabisa na mwisho wa likizo ya miezi mitatu, wakati ambapo wengi hurudi kazini. Hapo mama amwambie muuguzi mambo mawili bila kuulizwa: mtoto anakula nini akiwa kwa mlezi, na yeye hukaa saa ngapi bila kumnyonyesha. Anayenyonyesha ana nafasi ya kuchagua: koili, kipandikizi cha mkononi, vidonge vya homoni moja, au sindano kuanzia wiki ya 6. Vidonge vya homoni mbili visubiri miezi 6, kwa sababu huweza kupunguza maziwa. Kondomu inafaa wakati wote, na ndiyo peke yake kati ya hizi inayozuia virusi vya ukimwi na magonjwa ya zinaa. Kunyonyesha hakuzuii hayo hata kidogo.

Baba naye ana kazi hapa. Yeye anaweza kumpeleka mtoto kwa mama saa ya chakula cha mchana, kama kazi iko karibu. Yeye pia ndiye anayepaswa kununua kondomu wiki ileile uji unapoanza, badala ya kungoja mke aombe.

Na mama ambaye ameshampa mtoto uji tangu mwezi wa tatu na hajatumia njia nyingine yoyote, aende akapime mimba hata kama hajaona hedhi. Majibu yakiwa hana, anaweza kuanza njia anayoichagua siku hiyohiyo. Yakiwa anayo, aanze kliniki mapema, na mtoto aliye mgongoni aendelee kunyonya isipokuwa mhudumu wa afya amshauri vingine.